Mtu wa Katikati

Kabla simu ya mkononi haijaingia Makina, sehemu yetu ya Kibera, Nairobi, hakuna habari iliyofika kwetu bila kupita mikononi mwa mtu. Barua ilipitia kwa mwenye sanduku la posta, kisha kwa mtoto aliyejua kusoma. Taarifa ya redio ilipitia kwa mwenye redio, maana betri zilikuwa zake na ndiye aliyeamua lini izimwe. Pesa ambazo wapangaji wetu waliwatumia wazazi wao Kisumu au Kakamega zilitiwa kwenye bahasha, ikakabidhiwa kondakta wa basi, na mtumaji akalala usiku huo akimwombea kondakta uaminifu.

Nayasema haya kwa sababu wenzangu wa rika, sisi tuliozaliwa Kibera mwanzoni mwa miaka ya 1970, tukikutana harusini au matangani hatukawii kuisifu zamani. Redio moja, ploti nzima. Televisheni moja, mtaa mzima. Watu walikuwa wakizungumza, husema, na sasa kila mmoja kashika simu yake. Mimi huwauliza: zamani ya nani? Ya mwenye redio, au ya yule aliyesikilizia dirishani? Kifaa kimoja kikitumiwa na watu thelathini, mmoja ndiye mwenye neno na waliobaki ni wageni wake.

Sisi tulikuwa na redio, kwa hiyo utamu wa upande huo naujua. Baba aliiweka juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma mama, na hakuna mtoto aliyethubutu kugusa hata kitufe. Ilikula betri nne kubwa za Eveready, zile zenye picha ya paka, zilizokuwa zikitengenezwa Nakuru hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2014. Betri zikichoka hazikutupwa. Zilianikwa juani kutwa nzima juu ya bati, na jioni zikapata nguvu za kumaliza taarifa ya habari na, Mungu akijalia, matangazo ya vifo.

Matangazo ya vifo ndiyo yaliyoujaza uwanja wetu watu. Voice of Kenya ilisoma jina la marehemu, kisha jina la kila jamaa na mahali anakofanya kazi, na wapangaji walisikiliza kimya, maana jina la mzazi wa mtu lingeweza kutajwa hewani kabla barua haijafika. Baba alijua uzito wa jambo hilo. Akiona betri zimelegea, aliuzima muziki tangu alasiri ili zisije zikakata tamaa katikati ya jina la mtu. Nadhani ile ndiyo heshima kubwa aliyokuwa nayo pale ploti, kubwa kuliko ya kuwa mwenye nyumba.

Lakini studio ilikuwa moja, na aliyeishika alizishika habari zote. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 tuliamka tukasikia sauti ya Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji tuliyemzoea kwa kipindi chake cha *Je, Huu ni Uungwana?*, ikitangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kipindi kile kilikuwa cha adabu: mtu anayepiga kelele hospitalini, mtu anayekula na kuongea. Sasa sauti ile ile ilikuwa inatuambia Rais hayuko madarakani. Babu yangu, aliyekuwa askari wa King's African Rifles enzi za Waingereza, kama walivyokuwa wazee wengi wa jamii yetu ya Wanubi hapa Makina, alisikiliza kidogo akasema, "Huyo anasoma. Haongei." Baadaye ilijulikana kwamba askari wa jeshi la anga walimtoa Mbotela nyumbani kwake alfajiri na kumpeleka studio kwa nguvu. Babu aliweza kuyajua hayo kwa sababu sauti ile aliijua miaka mingi. Leo nikipokea meseji iliyosambazwa na mtu aliyeipata kwa mtu mwingine, sina sikio la kuipimia.

Na barua je? Huku nilikuwa mimi ndiye mtu wa katikati. Nilipoingia darasa la sita, wanawake wa ploti walianza kuniita niwasomee. Barua zilikuja kwa sanduku la posta la tajiri wa mume, au la shule, au la msikiti, zikakaa huko mpaka mtu akumbuke kuzileta. Mama mmoja angefungua kanga, akatoa bahasha, akaketi juu ya mtungi wa maji akinitazama mdomoni. Nilijifunza upesi kwamba kusoma barua ya mtu si kusoma kitabu cha shule. Mume anaandika kutoka Mombasa kwamba hatakuja mwezi huu, tena kwa maneno makali, na mtoto wa miaka kumi na mbili ndiye wa kuyatamka mbele ya mkewe. Niliyalainisha. Yule mama naye, siku ya kujibu, aliniambia niandike jambo kali zaidi, nikalilainisha pia. Ndoa ile ilidumu, na sijawahi kuwaambia.

Telegramu haikuwa na nafasi ya kulainishwa. Ililipiwa kwa neno, kwa hiyo watu waliandika kama mawe: NJOO HARAKA MAMA MGONJWA. Mtu mzima akiipata hakuuliza ugonjwa gani. Alianza kulia pale pale, kwa sababu hakuna aliyepoteza pesa kutangaza homa.

Wazee wetu wa Kinubi walipata njia yao ya kumkwepa msomaji, na hii sijaiona ikiandikwa popote. Tuna ndugu Bombo, kule Uganda, na lugha yetu ya Kinubi watu wengi wanaizungumza lakini hawaiandiki. Bibi hakujua kuandika lugha yoyote. Zilipokuja redio za kanda, alitaka kanda tupu. Aliketi mkekani, akabonyezewa kitufe chekundu, akawaongelesha ndugu zake kama wapo chumbani: akawasalimu mmoja mmoja, akalia kidogo kwa ajili ya marehemu, akamsuta mmoja kwa deni la zamani, mwisho akaimba. Kanda ilipewa msafiri wa Kampala. Baada ya wiki kadhaa ikarudi, upande wa pili umejazwa sauti za Bombo, na jogoo wao akiwika nyuma ya maneno. Ikikwama tulizungusha kwa kalamu ya biki. Ikikatika tuliunga kwa gundi ya karatasi, na palipoungwa sauti ya shangazi iliruka neno moja. Kila aliyesikiliza aliweka neno lake mwenyewe pale, wakabishana.

Hizo redio za kanda ziliponywa na fundi aliyekuwa na kibanda upande wa reli. Hakuwa na stima. Chuma chake cha kulehemu alikipasha moto kwenye jiko la makaa, akakifuta kwa kitambaa kilicholowa, akagusa waya mara moja tu, kabla hakijapoa. Alikuwa na vyuma viwili ili kimoja kikifanya kazi kingine kiwe motoni. Treni ikipita alinyanyua mkono akangoja, maana kibanda kizima kilitikisika. Nimeona mafundi wengi wa simu tangu wakati huo, wenye mashine za kupuliza hewa moto na darubini ndogo, na wengine ni hodari sana. Lakini simu nyingi siku hizi zimefungwa kwa gundi, na anachokuambia fundi mara nyingi ni bei ya kioo kipya. Yule wa reli alikueleza ugonjwa. Alikuonyesha mahali pameungua, akakufundisha usiweke redio karibu na jiko, kisha akakukopesha. Daftari lake la madeni lilikuwa nene kuliko la mwenye duka.

Televisheni ilileta biashara nyingine kabisa: ya kuchaji betri ya gari. Nyumba nyingi za Kibera hazikuwa na stima, na seti za Great Wall za Kichina zilizoenea miaka ya 1990, ndogo, za rangi nyeusi na nyeupe, zilipendwa kwa sababu zilikubali kuwashwa kwa betri. Betri ilibebwa begani au kwa mkokoteni hadi kwa mwenye chaja, ikachajiwa usiku kucha, ikarudi asubuhi imeacha matundu ya tindikali kwenye shati la mbebaji. Tulilipa kidogo tukaingia kutazama *Vitimbi* na *Vioja Mahakamani*. Viatu vilibaki nje, na watoto walikaa mbele chini.

Lakini kisa ninachokikumbuka ni cha kabla ya hapo kidogo, Kombe la Dunia la 1990, kwa jirani aliyekuwa na televisheni ya kwanza upande wetu. Kameruni walikuwa wamewafunga Argentina bao moja bila siku ya ufunguzi, na kuanzia hapo Makina nzima ikawa ya Kameruni, pamoja na watu wasiojua Kameruni iko wapi. Robo fainali, tarehe 1 Julai, dhidi ya Uingereza, chumba kilijaa mpaka mlango ukatolewa. Kameruni wakaongoza mawili kwa moja. Waingereza wakasawazisha kwa penalti. Muda wa nyongeza ulipoanza, picha ikaanza kujikunyata kutoka pembeni kama kawaida ya betri inayokufa, wachezaji wakawa wembamba, kisha wafupi, kisha wote wakaingia kwenye kidoa kimoja cha mwanga katikati ya kioo. Kelele iliyotoka mle chumbani sijaisikia tena. Tulikimbilia ploti ya pili kwenye redio, tukafika tayari Lineker keshafunga penalti ya pili. Mpaka leo wapo wazee Makina wanaoshikilia kwamba betri ingekaa, Kameruni wangeshinda.

Simu ndiyo iliyokuwa mbali kuliko vyote. Shirika la posta na simu lilikuwa moja nchi nzima, na kungoja miaka kabla ya kuunganishiwa laini lilikuwa jambo la kawaida, sembuse mtaa ambao serikali haikutaka hata kuutambua. Tulipanda hadi Ngong Road kupiga simu kwenye vibanda, na sarafu mkononi, nyuma yako foleni ya watu wanaokusikiliza na kukuhesabia muda. Ili kupigiwa ilikuwa lazima uwe na mwenye duka mwenye moyo mzuri. Simu yake ililia, akamtuma mtoto akuite, mpigaji akingoja na pesa zikiliwa huko aliko.

Dada yangu aliposwa kwa simu ya duka. Familia ya kijana, watu wa Kisumu, ilipiga kuuliza kama wanaweza kuja kuzungumza na wazee. Mwenye duka hakumpata baba, akamwachia ujumbe mteja mmoja, naye akauacha kwa mwuza mandazi. Baba alipofika jioni kutoka kazini alipongezwa na watu wanne njiani kabla hajajua anapongezwa kwa nini. Dada hakutoka nje siku mbili. Tukisimulia leo tunacheka, na wajukuu wanacheka, ila yeye akisikia hukaza midomo. Hakuchagua nani ajue wala lini. Kila jambo la maisha yake, barua, simu, pesa, lilipita mbele ya macho ya wanaume watatu wanne kabla ya kumfikia. Ndiyo maana zamani ile ikisifiwa sana mimi humtafuta kwa macho nione anaitikia vipi.

Simu za mkononi za kwanza, zile za miaka ya 1990, zilikuwa za mawaziri na matajiri. Mambo yalibadilika mwaka 2000 Safaricom na KenCell zilipoanza kushindana. Watu wengi husahau kitu kimoja kidogo kilichoamua mashindano hayo kwa maskini: KenCell walihesabu kwa dakika, Safaricom kwa sekunde. Kwa mtu mwenye shilingi chache, kuweza kusema "Nimefika salama" na kukata, akatozwa maneno hayo tu, ilikuwa tofauti ya kuwa na simu na kutokuwa nayo. Na aliyekosa hata hizo alipiga akakata kabla haijapokelewa. Tuliita kuflashi. Mara moja, nimefika. Mara mbili, nipigie. Mara tatu, kuna shida. Kampuni haikupata senti, na nadhani hakuna lugha iliyobuniwa Nairobi kwa gharama ndogo kuliko hiyo.

Kisha ikaja Nokia 1100, yenye tochi kichwani, tukaipa jina mulika mwizi. Kwa mtaa wenye vichochoro visivyo na taa, tochi ile ilikuwa na kazi zaidi kuliko simu yenyewe. Mama yangu alikuwa na yake. Hakujifunza kuandika meseji, lakini choo kilikuwa nje na usiku ulikuwa mrefu.

Mwaka 2005 Safaricom ilianzisha Sambaza, ya kumhamishia mwenzio salio, na watu wakagundua wenyewe kwamba salio linaweza kuwa pesa: nitumie kredo ya mia, mwenye kioski atanipa mkate. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, kwa hiyo, haikutukuta wageni. Wapangaji wetu waliacha bahasha za basi ndani ya miezi. Lakini niliowaona wakibadilika zaidi ni wanawake. Dada yangu, yule aliyeposwa dukani, alikuwa akiuza vyakula vya harusi: gurusa, sambusa, chai ya maziwa kwa sufuria kubwa. Pesa zake zote alizipokea mbele ya watu, na zilikuwa na wenyewe kabla hajafika nyumbani. Kwa mara ya kwanza akawa na mahali pa kuweka shilingi mia tano ambapo hapana mlango wa kubishwa. Namba yake ya siri hakumpa mumewe. Yalizuka maneno, wazee wakaitwa, na mzee mmoja aliyeheshimika sana akasema mke hana siri kwa mume. Dada akamjibu kwa adabu, "Baba, hata yeye ana yake, sijaiuliza." Kikao kikaishia kwenye chai.

Sitaki kuonekana kama mtangazaji wa kampuni. Miezi kumi baada ya M-Pesa kuanza, matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Kibera iliwaka. Soko la Toi liliteketezwa. Vijana waling'oa reli. Maduka yalifungwa, na mtu aliyekuwa amejifungia Makina aliweza kupokea salio kutoka kwa ndugu wa Mombasa, akapiga simu kujua nani yuko hai. Hilo lilituokoa. Simu zile zile, hata hivyo, zilileta meseji zisizo na mwenyewe. Wanakuja usiku. Watoke kabla ya saa nne. Kila moja ilisema mpelekee mwingine. Matangazo ya moja kwa moja redioni yalikuwa yamepigwa marufuku, na penye kimya meseji ikawa ndiyo habari. Nilimkumbuka babu na sikio lake. Redio ya mtaa, Pamoja FM, ambayo wakati huo ilikuwa changa, ilifanya kazi ambayo meseji hazikuweza: watangazaji wake walikuwa watu tunaowajua, wanaoishi vichochoro vile vile, na mtu unayemjua akikuambia "Nimetoka huko sasa hivi, hakuna jeshi linalokuja," unaketi chini.

Mwishoni mwa 2009 vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa kwa vifaa vya GPS, katika mradi ulioitwa Map Kibera. Hadi wakati huo, ukifungua ramani ya OpenStreetMap, sehemu tunayoishi ilikuwa tupu. Walitembea wakaweka vyoo, shule, misikiti, makanisa, vituo vya maji, zahanati. Nilimwona mmoja amesimama nje kwetu akitazama kifaa chake, nikamuuliza anatafuta nini. "Natafuta njia hii ilivyopinda, mzee." Nikamwambia hii njia imepinda kwa sababu ya mwembe uliokuwa hapa, ulikatwa zamani. Akaandika njia. Mwembe hakuuandika, na sikumlaumu.

Lipo jambo ambalo kumbukumbu nyingi za teknolojia haziligusi, kwa sababu waandishi wake hawakukutana nalo. Simu ilipokuwa kitu cha kila mtu, serikali ilitaka kila laini iandikishwe kwa kitambulisho, na M-Pesa tangu mwanzo ilitaka kitambulisho. Kwa Mkenya wa kawaida hiyo ni safari ya siku moja. Kwa mtoto wa Kinubi wa Makina, kitambulisho kilikuwa na kamati yake. Alihojiwa kuhusu ukoo, akatakiwa vitambulisho vya wazazi, wakati mwingine vya babu na bibi, na faili likaweza kulala miezi au miaka. Babu yangu aliishi hapa kwa karatasi iliyoitwa pasi ya shamba, aliyopewa na jeshi la Waingereza kwa utumishi wake. Baba alikuwa na kipande cha chuma na karatasi, kisha kitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewavunjia watoto wa Kinubi haki yao ya uraia. Hati ya ardhi ya jamii, ekari 288, ilitolewa 2017. Mambo yanasogea, ila kwa mwendo wa karatasi, na mashine hazingoji karatasi.

Matokeo yake ni kwamba vijana wetu wengi waliingia zama za simu kwa majina ya watu wengine. Laini ya mama, ya shangazi, ya jirani mwenye huruma. Mfanyabiashara kamili, mwenye wateja, na pesa zake zote kisheria ni za mtu mwingine. Serikali ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, ya kukusanya alama za vidole na picha za wananchi wote kwenye mtambo mmoja, majirani wa mitaa mingine walipanga foleni kwa hofu ya kufungiwa huduma. Kwetu swali lilikuwa la nyuma kidogo: asiye na kitambulisho anaingizwaje? Jumuiya ya Nubian Rights Forum, iliyo hapa hapa Kibera, ilikuwa miongoni mwa walioenda mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo hauwezi kuendelea bila sheria na kanuni kamili za kulinda taarifa za watu na kuwahakikishia wote nafasi, na ikakataza kuchukua DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi ile sasa. Wengi hawajui kwamba ilianza na watu ambao shida yao ya kwanza ilikuwa kupata kitambulisho.

Mtu wa katikati hajaondoka, basi. Amebadilisha kiti. Juzi nilipigiwa simu na kijana wa sauti laini akitaka nimwambie jirani yangu alipe mkopo. Sikuwa mdhamini wala sikuujua mkopo wenyewe. Jirani alipopakua programu ya kukopa, ilijichotea majina yote ya simu yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, na Benki Kuu sasa inawapa leseni wakopeshaji wa aina hiyo, lakini jirani alikwisha kuaibika kwa mkwewe. Yule fundi wa reli naye alikuwa na daftari la madeni. Tofauti ni kwamba ukikosana naye ulimjua anakokaa, na yeye alijua mkeo kajifungua wiki hiyo, akangoja.

Upande mwingine, nikimtembelea dada yangu jioni humkuta amejinyoosha, simu mdomoni, anarekodi sauti kwa kundi la WhatsApp la jamaa wa Bombo. Kwa Kinubi. Anasalimu mmoja mmoja, anasuta, na akichangamka anaimba. Vijana wa kundi wanamlalamikia kwamba sauti ya dakika saba haisikilizwi na mtu. Yeye anasema wasiosikiliza wana shida yao. Naona ndiyo matumizi bora kuliko yote ya simu ile, na hayakubuniwa California. Yalibuniwa mkekani, kwa kanda ya biki.

Mwanawe sasa ni fundi wa simu karibu na soko la Makina. Kitambulisho alikipata akiwa na miaka ishirini na mitatu, na biashara ilikuwa imekwisha kusimama kwa laini ya mamake. Ameambiwa mara nyingi abadilishe. Anasema wateja wameizoea namba, na mambo ya kubadilisha jina yanataka siku nzima kwenye foleni, nani atakaa kibandani? Kwa hiyo ukimlipia kioo kwa M-Pesa, jina linalokujia ni la mama mmoja mwuza gurusa. Wateja wapya husita, wakamtazama ndevu zake, wakatazama simu tena. Wale wa zamani humwita kwa jina hilo la mamake, naye huitika.